Daftari la Yai, Kutoka Nyuma

Boksi lilikuwa la bluu, la plastiki, mfuniko wake umepasuka pembeni na kuzibwa kwa utepe wa gundi. Ndani yake zilikaa chupa ndogo za dawa ya kugandisha damu, zimefungwa taulo ili barafu isizishike. Kila mwezi boksi lilitoka nyumbani likiwa tupu na kurudi limejaa, na safari zote hizo lilikaa juu ya mapaja ya mtu mmoja. Huyo ndiye tunayesimulia habari zake. Dawa haikuwa yake. Yeye alikuwa dada wa mwenye dawa, basi.

Mwenye dawa mtaa mzima ulimwita Yai. Alizaliwa dada yake akiwa na miaka mitatu, na alipoanza kutambaa magoti yake yakajaa madoa ya zambarau, mpaka jirani mmoja akamuuliza mama yao, kwa upole wa kinafiki, mtoto anapigwa na nani. Hakuna aliyempiga. Alikuwa na himofilia. Damu ya binadamu ina protini nyingi za kuigandisha, zimepewa namba kama wachezaji wa mpira, na Yai alizaliwa bila namba nane. Akijikata, damu haikutoka kwa kasi kuliko ya mtu mwingine. Ila haikujua kuacha. Na mbaya zaidi ilikuwa ile isiyoonekana, inayovujia ndani ya goti au kiwiko mpaka kiungo kinavimba na kuwa cha moto kama mkate uliotoka sasa hivi kwenye tanuri.

Basi nyumba ikageuzwa kiota. Pembe za meza zikavishwa vitambaa. Yai akapata godoro nene, dada yake akarithi lile lililobonyea katikati. Wakigombana, haikuulizwa nani kaanza.

"Usimguse mwenzio," baba alisema bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Alikuwa fundi redio, na maneno yake mengi yalitoka akiwa ameuma bisibisi.

"Yeye ndiye kaninyang'anya."

"Wewe mkubwa."

Ukitaka kujua thamani ya yai, tazama linavyokaguliwa. Kikapu je? Kikapu hakuna anayekiuliza kama kimechoka.

Dada mtu alikuwa kikapu, na alikuwa na wivu. Tuliseme mapema, tusilifunike kwa shuka. Haukuwa wivu wa kumwombea mtu mabaya. Mtoto yeyote aliyemsukuma Yai alipigwa na dada yake, na wawili walishaonja. Lakini alimwonea wivu wa godoro, wa uji uliopoozwa kwa kupepewa, wa mama kumshika paji la uso asubuhi na kumwuliza, "Leo unajisikiaje?" Yeye hakuulizwa leo anajisikiaje. Aliulizwa kama amefagia. Na zaidi ya vyote aliona wivu wa kipanya.

Kipanya kilitoka kliniki. Mwisho wa korido ndefu yenye samaki waliochorwa ukutani palikuwa na chumba cha daktari bingwa wa damu na saratani za watoto. Benchi la kushoto walikaa watoto wa saratani, wamevaa kofia za sufu za kila rangi vichwani mwao vilivyonyonyoka. Benchi la kulia walikaa watoto wa damu isiyoganda, wenzake Yai, wengi wamenyoosha mguu mmoja mbele. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu visivyotoa sauti, na kila sista alipomaliza kumdunga mtoto, daktari alitoa kalamu ya bluu mfukoni akachora kipanya juu ya plasta: masikio mawili, sharubu sita, mkia mrefu uliozunguka mkono. Watoto walimwita Daktari Kipanya mbele ya uso wake, naye aliitika. Mtoto wa benchi la kushoto na wa benchi la kulia walikutana katikati ya korido kulinganisha mikia.

Mtoto aliyeshika boksi alikaa popote penye nafasi, na hakuwa na cha kulinganisha.

Alipokuwa na miaka minane daktari alichukua karatasi akawachorea wazazi ukoo wao. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke. Mraba wa Yai aliujaza wino wote. Duara la mama akalitia nukta katikati.

"Mama, wewe unaitwa mbebaji," alisema. "Kasoro umeibeba kwenye chembe zako, ukampa mwanao bila kujua. Siyo kosa lako. Na huyu binti anaweza kuwa mbebaji vilevile."

Baba alimtazama bintiye, mikono imekumbatia boksi, kidevu juu ya mfuniko.

"Huyu, daktari, hakuna cha kuweza. Ni mbebaji tangu asubuhi."

Wote wakacheka. Daktari alicheka, sista aliyekuwa akiandika uzito alicheka, Yai alicheka mpaka akaambiwa apunguze asije akajigonga ukutani. Binti naye akacheka, maana asiyecheka mwenzake akicheka huonekana ana jambo.

"Naye anatoka damu?" mama aliuliza.

"Wabebaji wengi hawana shida. Akikua kidogo tutampima."

Ndani ya duara la binti daktari akaandika alama ya kuuliza, kwa penseli. Karatasi ikaingia kwenye faili la Yai, faili likaingia kabatini, na ile *akikua kidogo* ikaingia huko huko. Kuanzia siku hiyo nyumbani wakamwita Mbebaji. "Mbebaji, lete maji." "Mbebaji, boksi liko wapi?" Jina la utani ni kama doa la chai kwenye kitambaa cheupe, ukilifua sana linabaki lile lile, na kitambaa kinachakaa.

Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya kliniki, Mbebaji alichukua sindano ya mama ya kushonea akajichoma kidole cha shahada. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: anayechomwa hupewa plasta, na mwenye plasta hupewa kipanya. Lakini damu iligoma kuisha. Aliikamua, akainyonya, akaifunga leso moja, mbili, tatu. Mama alipomkuta amejificha nyuma ya mlango alimshika sikio.

"Mwenzio anateseka kwa damu na wewe unaifanyia mchezo. Damu ya kupenda kutazamwa hiyo."

Kesho yake aliinua kidole mbele ya daktari, kimefungwa kitambaa. Daktari alikuwa amempakata mtoto mchanga anayelia.

"Na mimi nichoree."

"Pole, mwanangu. Vipanya ni vya waliodungwa na Sista. Wewe shujaa wetu, unatushikia boksi."

Leso tatu kwa tundu la sindano! Nyumba iliyojua damu kuliko nyumba zote za mtaa ule, nyumba ambayo hata mtoto wa miaka sita angeweza kukwambia goti linalouma na goti linalovuja yanatofautiana vipi, ilizitazama leso tatu na kuona utundu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Mimi nasema penye wajenzi wengi hutokea chumba kimoja kisichoezekwa, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshakiezeka.

Alipofika miaka kumi na mitatu akaanza kupata hedhi. Siku nane, siku tisa, mara nyingine kumi na moja. Mama alimfundisha kukunja vitambaa viwili pamoja, na cha tatu akiweke mfukoni.

"Mama, wenzangu shuleni wanasema zao siku nne."

"Wenzako siyo sisi. Bibi yako alikuwa hivyo, mimi hivyo. Ndivyo tulivyo wanawake wa nyumba hii. Kunywa maji mengi."

Akahamia benchi la mwisho darasani, la ukutani, ili anaponyanyuka asiwepo mtu nyuma yake. Siku ya mbio za shule alidondoka kabla ya kuanza kukimbia, na mwalimu akasema ni woga.

Hapo ndipo daftari lilipoingia. Lilikuwa daftari gumu la jalada jeusi, na daktari alikuwa ameagiza kila kutoka damu kwa Yai kuandikwe: tarehe, mahali, saa ilipoanza, saa ilipokoma, chupa ngapi. Mama aliandika kwa herufi kama mishono, zimesimama wima zote. *Pua, dakika kumi.* *Goti la kushoto, chupa mbili.* Na Mbebaji ndiye aliyelibeba, maana lilikaa juu ya boksi. Siku moja kwenye benchi, akisubiri, alisoma ile *pua, dakika kumi* mara tatu. Dakika kumi za pua zilikuwa na mstari wao, zimepigiwa rula. Siku zake kumi hazikuwa popote duniani.

Akaligeuza daftari kichwa chini, akalifungua kwa nyuma, na kwenye ukurasa wa mwisho akaanza kuandika. Kama lake linaandikwa, alisema moyoni, na langu litaandikwa. Hakuwa na lengo lingine. Hakufikiria ugonjwa wala hakutafuta dawa. Ulikuwa wivu mtupu, ulionolewa kama penseli. *Tarehe tatu. Siku ya tisa. Vitambaa kumi na kimoja. Nimebadili sketi mara mbili.* Yai akiandikwa mstari, naye aliandika wake. Akipitwa, alisubiri mwezi mwingine amfikie. Hakuna aliyewahi kuligeuza daftari. Mama alilifungua mbele, akaandika, akalifunga. Miaka ikaenda, na kurasa za mbele na za nyuma zikawa zinasogeleana kama watu wawili kwenye njia nyembamba.

Akamaliza shule, akapata kazi kwenye karakana ya kushona sare za wanafunzi. Cherehani kumi na mbili kwa safu mbili, vumbi la pamba hewani, na bibi mkuu wa karakana aliyesikia sindano ikivunjika hata akiwa ghalani. Mbebaji alikuwa na mkono mzuri. Mishono yake ilinyooka bila chaki. Lakini mshonaji huchomwa na sindano, ndiyo kazi; wenzake walilamba kidole wakaendelea, ila yeye alipochomwa, mashati matatu meupe yaliharibika. Ilipotokea mara ya nne bibi mkuu akatoa amri mbele ya wote.

"Huyu hashoni nyeupe tena. Mpeni sketi za bluu."

"Ana damu ya moto," mshonaji wa jirani akasema.

"Ana damu ya kujitangaza," akajibu mwingine, na karakana nzima ikacheka kwa mpigo wa cherehani.

Mwenye kujua anajua kwamba kwenye karakana ya sare, nyeupe ndiyo heshima. Kola ya shati jeupe haifichi kosa. Alikaa na sketi zake za bluu, akawatazama wenzake wakigeuza kola, na ule wivu wa zamani ukavuta kiti ukakaa karibu naye, kama jamaa aliyezoea nyumba.

Ndipo likaja jino. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Gego la chini lilioza, likamtesa wiki mbili, na mchana mmoja akaomba ruhusa akaenda kwa daktari wa meno mtaa wa pili. Kijana huyo, mpole, mwenye koti lililopigwa pasi vizuri, alimuuliza kama inavyotakiwa.

"Una ugonjwa wowote, dada? Sukari, shinikizo, damu kutoganda?"

"Hapana. Mdogo wangu ndiye mgonjwa."

Alijibu bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina lake. Angeulizwa hivyo mara mia, mara mia angejibu hivyo. Mtu aliyebeba dawa ya damu kwa miaka kumi na moja, aliyejua namba nane kabla hajajua jedwali la nane, aliambiwa aseme kuhusu damu yake akasema habari za damu ya mwenzake. Jino likang'olewa. Akapewa pamba aiume nusu saa.

Nusu saa ikawa alasiri, alasiri ikawa kesho yake. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki.

Na haikuwa kliniki ya kawaida. Yai, sasa mwenye miaka kumi na sita na kivuli cha masharubu alichokipapasa kila dakika, alikuwa anaaga benchi la watoto. Mwezi ujao angehamia kliniki ya wakubwa. Tena alikuwa amejifunza kujidunga mwenyewe, na masista walitaka kumwona kwa macho yao. Mama alivaa gauni lake la mambo makubwa. Mbebaji alikaa na boksi mapajani, mdomo umefumbwa, pamba imejaa shavuni, akimeza. Alikuwa anameza tangu alfajiri. Samaki wa ukutani walikuwa wameanza kuogelea.

"Mbona hasemi?" Yai alimwuliza mama. "Leo Mbebaji amebeba maneno."

"Mwache. Jino lake."

"Nami siku yangu ya kuaga ndiyo siku ya jino lake. Dada, una wivu hadi kwa meno?"

Dada yake alimkanyaga mguu, taratibu, ule mzima.

Ndani walimzunguka Yai. Alifunga mpira mkononi kwa meno, akachanganya dawa, akaiviringisha chupa katikati ya viganja viwili bila kuitikisa, maana dawa ile ukiitikisa inatoa povu na kuharibika. Akapata mshipa mara ya kwanza. Sista mzee akapiga makofi, daktari akafuta miwani. Baadaye akachora kipanya kwenye plasta, cha mwisho, akakivisha na kofia ya mhitimu. Dada yake alikitazama kipanya kile chenye kofia, na kwa kweli, damu ikiwa imemjaa mdomoni na kichwa kikielea, bado alipata nafasi ya kukionea wivu.

"Haya, daftari," daktari alisema, "tufunge hesabu ya huyu mwanamume."

Mbebaji akalichukua juu ya boksi akampa. Alikuwa anameza bila kutazama, na alimpa likiwa kichwa chini.

Daktari akafungua ukurasa wa kwanza aliouona, akasoma kwa sauti kama alivyozoea.

"Tarehe kumi na mbili. Siku ya kumi. Vitambaa kumi na vinne. Sketi ya pili." Akatazama juu ya miwani. "Yai, umeanza lini kuvaa sketi?"

Chumba kikaangua kicheko. Yai naye akashika kiuno akajizungusha kidogo. Daktari alikuwa akicheka huku anageuza ukurasa, kisha mwingine, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Aligeuza kurasa sita. Akalirudia jalada, akaliangalia kwa juu na kwa chini.

"Ya nani haya?"

Mbebaji alifungua mdomo aseme, na iliyotangulia ni damu, nyeusi na nyekundu pamoja, ikashuka kidevuni ikaanguka juu ya mfuniko wa boksi.

"Jino limetolewa lini?" daktari aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine.

"Jana mchana," mama akasema. "Lakini ndivyo tulivyo, daktari. Sisi damu yetu ni nyingi tu. Hata mimi nilipomzaa huyu nililala wiki tatu. Hata bibi yake."

"Faili," daktari akamwambia sista.

Faili likaja. Alifunua hadi chini kabisa, hadi kwenye karatasi iliyoanza kuwa ya manjano, yenye miraba na maduara. Duara la binti lilikuwa pale, na alama ya kuuliza ya penseli, imefifia mpaka ilibidi aigeuzie dirishani.

"Niliandika mimi hii," alisema. Hakumwambia mtu. Kisha akamgeukia yule aliyeshika boksi, akavuta kiti, akakaa mbele yake magoti kwa magoti. "Miaka kumi na moja umekaa mbele yangu. Mbebaji anaweza kuwa na namba nane ya kutosha, na anaweza kuwa nayo kidogo, akatoka damu kama wagonjwa wengine. Nalijua hilo na nawafundisha wanafunzi hilo. Na sikukupima. Nisamehe."

Hata wakubwa wa kazi hukosea. Wachache hukosea wakasema hivyo mbele ya sista na mgonjwa. Nampa daktari haki yake. Lakini haki ya yule binti ni kubwa zaidi, nayo ni hii: hakuna aliyemgundua. Alijiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa wivu, na kama asingekuwa na wivu ule kusingekuwa na cha kusoma. Watu husema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Wapo ambao wivu ndio uliowafanya wakumbuke kwamba na wao wana mwili.

Sista akamchukua damu ya kupeleka maabara, kisha wakamwekea kwenye tundu la jino shashi iliyolowekwa dawa. Majibu yangekuja baada ya wiki: kumi na tisa kati ya mia, wakati mtu wa kawaida huanzia hamsini. Lakini damu haikusubiri wiki, na daktari naye hakusubiri.

"Tuanze dawa sasa," alisema. "Sista, angalia ghalani tumebakiwa na ngapi."

"Za nini ghalani?" Yai alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Si zipo hapo."

Wote wakatazama boksi. Lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote, mapajani pake, limejazwa chupa za mwezi asubuhi ile. Mbebaji mwenyewe alilitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta ambao ameuegemea maisha yake yote. Miaka kumi na moja alikuwa amebeba dawa yake mwenyewe, imefungwa taulo, kiasi cha shibri moja kutoka tumboni pake.

Yai alifungua mfuniko, akafuta kwanza damu kwa kiganja, akatoa chupa. Akaiweka katikati ya viganja akaanza kuiviringisha, polepole, uso umekunjamana kama fundi.

"Usitikise," dada yake akasema kupitia shashi.

"Unanifundisha mimi?"

"Nimekuangalia mwaka mzima. Unatikisaga mwishoni."

"Mama, msikie. Hata ugonjwa wangu kaninyang'anya, na bado ananikosoa."

Mama hakusikia. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha wagonjwa na daftari jeusi, amelishika kwa upande wa nyuma, anasoma. Alisoma kama anavyosoma mtu asiye na haraka ya kufika mwisho. Alipofika kwenye ukurasa ambapo mwandiko wa binti na mwandiko wake iliachana kwa karatasi tatu tu, alilifunga.

"Nilikushika sikio," alisema. "Wakati ule wa sindano."

"La kulia," Mbebaji akajibu. Shashi ilimzuia kusema zaidi, nayo hiyo ilitosha.

Dawa ikaingia. Walisubiri, Yai anahesabu dakika kwa saa ya ukutani kama ndiye bingwa. Mate yakawa mekundu, yakawa ya waridi, yakawa mate. Daktari alipoinuka alimnyooshea mama kidole.

"Na wewe hapo kitandani, usishuke. Kunja mkono. Wiki tatu za uzazi siyo desturi ya nyumba, mama. Ni dalili."

"Mimi? Mimi mzima, daktari. Mimi nimemleta mtoto."

"Na huyu alikuwa amemleta mdogo wake."

Mama akakunja mkono wa gauni la mambo makubwa, na Sista akamchukua damu naye.

Daktari alibandika plasta mbili, akakusanya vitu vyake, akaanza kuelekea mlangoni. Benchi la kushoto kulikuwa na mtoto anamsubiri tangu saa tatu. Mbebaji akakohoa.

"Daktari. Nimedungwa na Sista."

Daktari alisimama. Ilimchukua kitambo kuelewa, na alipoelewa hakucheka. Alirudi, akatoa kalamu ya bluu, akauweka mkono ule wa mshonaji juu ya goti lake, akachora: masikio mawili, sharubu sita, mkia. Hakuharakisha hata sharubu moja. Kisha, kwa kuwa mama naye alikuwa ameunyoosha mkono wake, huku akitazama dirishani kama mtu anayesubiri kitu kingine, akamchorea na yeye.

Kurudi nyumbani Yai alitaka kubeba boksi. Walivutana kwenye korido mbele ya samaki, kila mmoja na kishikio chake, mpaka sista mzee akawaambia watapasua kipande cha mfuniko kilichobaki.

"Niachie. Unaumwa," Yai alisema.

"Wewe je, huumwi?"

"Mimi nimezoea."

"Na mimi nimezoea boksi. Lete."

Akalichukua. Walikaa watatu kwenye benchi la kituo, mama katikati, mikono imewekwa mapajani. Yai akakionyesha kipanya chake chenye kofia, hakuna aliyekitazama. Mbebaji alikuwa ameinamia plasta yake, kisha akainamia ya mama, kisha akarudi kwenye yake, anapima kwa kidole cha shahada kama anavyopima pindo la sketi.

"Cha Mama," alisema hatimaye, "mkia wake mrefu zaidi."